Wimbo wa Yugu Huko Arua

Dranya, Koboko

Candiru mjukuu wangu,

Zam wa jirani ananiandikia, mimi ninasema tu. Mbuzi amezaa, mguu unauma kama kawaida. Wewe unakula, ama huko Ediofe, Arua, mnashiba kuimba?

Nimesikia mchezo wenu wa nyimbo uko na ule wimbo niliomlilia mwanangu Yugu. Wimbo wa matanga huimbwa kaburini, si mbele ya watu wenye tiketi. Lakini Yugu hana kaburi, basi imba.

Jana alikuja Aluma, yule aliyewaonyesha askari nyumba yetu walipomchukua Yugu. Alileta sukari, akakaa, akauliza taratibu, “Mama, huyo mtoto anaimba wimbo wote, mpaka mwisho unaponitaja?”

Nikamwambia, “Nenda ukasikie.”

Akacheka kidogo. “Nitakwenda. Na vijana wangu.”

Sukari nimemwaga. Usilale peke yako wiki hii. Ukiogopa, acha jina lake, sitakukasirikia. Ila siku ya mchezo mimi nitakaa karibu naye, goti kwa goti. Ukiniona hapo, imba mpaka mwisho.

Ni mimi bibi yako,
Viktoria