Flashi ya Kulwa, Flashi ya Doto

Jumapili, Oktoba. Joto. Mchana mawingu yamekuja juu ya Tabora, yakatuangalia, yakaondoka bila kudondosha hata tone.

Leo nimelia mara mbili. Mara ya kwanza kwa hofu, mara ya pili kwa furaha, na zote mbili kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Ipuli, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, jua ndiyo kwanza linashuka. Moyo umetulia. Nataka niandike mapema, kabla sijaanza kujipendelea katika kusimulia.

Nianze na aibu.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu za kuomba kazi, na mwisho wa wiki napiga video za sherehe. Kila siku watu wananiwekea flashi na memori kadi zao mezani, na mimi ndiye bingwa wa kuwakemea. Kuna mwalimu mmoja aliniletea mitihani ya muhula mzima kwenye flashi aliyoinunua mezani karibu na stendi. Haikufunguka hata karatasi moja. Nilimhubiria nusu saa nzima. Nilimwambia mtu mwenye akili hanunui flashi ya GB 128 kwa bei ya sahani ya chipsi. Akaondoka ameinamisha kichwa, maskini.

Miezi miwili baadaye nikaenda kwenye meza ileile.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni Doto. Kulwa, pacha wangu, alinitangulia kwa dakika ishirini na hajawahi kuacha kunikumbusha. Baba yetu ni mwalimu mstaafu, anaishi na Mama karibu na Kipalapala, kando ya barabara ambayo alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba wapagazi wa zamani walipita na mizigo kichwani wakielekea Ujiji. Alikuwa msemaji huyo! Somo la dakika arobaini yeye alilipeleka saa nzima, na kengele ikilia anaitazama kama imemkosea adabu.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kikampiga. Akabaki na maneno matatu: maji, hapana, na Kulwa.

Kulwa alikuwa ni kila mtu. Mama alikuwa Kulwa, daktari alikuwa Kulwa, na mimi niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha uji nilikuwa Kulwa. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Lakini kwa sababu haya ninayaandika kwa wasionijua vizuri, nitasema ukweli: iliniuma. Iliniuma kila siku.

Kisha ikaja sendofu ya Kulwa, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mwezi wa nane. Alikuwa anaolewa na afisa nyuki wa Sikonge, kijana mpole, Mmoraviani, anayeimba besi kwenye kwaya. Nilipiga video mwenyewe, saa nne nzima, maana nisingekubali kumlipa mtu mwingine kumpiga picha dada yangu vibaya. Karibu na mwisho kabisa, baada ya keki na zawadi, mshereheshaji akamsogezea Baba maiki kwa heshima tu, akitegemea Baba apunge mkono. Baba akaishika. Akakaa nayo muda mrefu mpaka watu wakaanza kuona haya. Halafu akasema, polepole, neno moja moja:

"Kulwa anaondoka. Doto yupo."

Basi. Maneno manne. Nilisogeza kamera mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, na sauti ilikuwa safi. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, siwezi kupiga kigelegele wala kujifuta macho.

Wiki tatu baadaye kiharusi kikarudi. Safari hii hata lile jina moja likaondoka. Daktari anasema tusikate tamaa, nasi hatujakata, lakini ndiyo hivyo: sauti ya Baba ilikuwa imebaki kwenye video ile tu.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Sendofu ilipokwisha, Mama alisema Kulwa asiende kwake bila video. Na kwa Mama, akipewa Kulwa lazima apewe na Doto, siku hiyohiyo, kitu kilekile. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo zilitakiwa flashi mbili. Nikanunua moja dukani, yenye risiti na dhamana, nikaijaribu palepale. Nilipofika kwenye ya pili mkono ukawa mzito. Nikajiambia Kulwa ataiangalia mara moja na majirani kisha ataitupa kwenye droo, mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa familia. Nikapita mezani kwa yule muuzaji wa stendi. Alikuwa nayo inayofanana kabisa na ile ya dukani, nyeusi, yenye mfuniko na kamba ya fedha. Imeandikwa GB 128 na kila kitu. Nikaichukua, nikanakili video yote kwenye zote mbili kutoka memori ya kamera, maana kompyuta yangu haina nafasi.

Ya dukani iwe yangu, ya mezani iwe ya Kulwa. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na hakuna aliyenituma.

Nilikuwa nimemsahau Mama. Tangu tukiwa wadogo, viatu, peremende, daftari, chochote kinachokuja viwili, Mama anavichukua, anavificha nyuma ya mgongo chini ya kanga, anavichanganya, kisha anamwambia Kulwa achague mkono. Sikufikiri kama angefanya hivyo na bi harusi wa miaka thelathini na moja. Akafanya. Nilipofungua mdomo kusema kwamba flashi si peremende, akaniangalia.

"Kwani zina tofauti?"

Ningesema nini? Nikasema hazina. Kulwa akachagua kushoto.

Nilirudi nyumbani nikachomeka yangu kwenye kompyuta. Nikafungua faili la kwanza, likacheza. La pili, likacheza: Kulwa anaingia ukumbini, shangazi zetu wanacheza mbele yake. Majina ya mafaili yote yapo yamejipanga, na ukubwa wake umeandikwa. Nikaridhika kwamba bahati imenipa ile ya dukani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na kazi ya kipaimara, memori ya kamera ilikuwa imejaa, nikaifuta yote nikarekodi juu yake. Na Jumamosi ya baada ya hapo pia, harusi ya watu wengine.

Ninayewahubiria walimu wa watu ndiye niliyefanya hivyo.

Leo baada ya misa nikaenda Kipalapala na kompyuta yangu. Nilitaka Baba ajione. Mama alikuwa ameshamvalisha shati jeupe, kiti kimesogezwa mezani. Nikamsalimia shikamoo, akaninyanyulia mkono, ndiyo marahaba yake siku hizi. Nikaenda moja kwa moja kwenye faili la mwisho. Halikufunguka. Nikajaribu la kabla yake, halikufunguka. Keki hakuna. Zawadi hakuna. Kati ya mafaili ishirini na mawili yalicheza matano tu, na yaliyobaki yalikuwa majina matupu.

Nilielewa palepale. Flashi feki ndivyo zilivyo: inakwambia ina nafasi kubwa, inapokea kila unachoiwekea, kumbe ina nafasi ya kijiko, na kinachozidi inakimwaga huku inakuonyesha jina lake. Hii iliyokuwa mkononi mwangu ndiyo ile ya mezani. Ndiyo niliyomnunulia dada yangu.

Ndipo nikakumbuka jambo jingine. Wiki iliyopita Kulwa alinitumia ujumbe kwamba shemeji anatafuta flashi ya kuwekea nyimbo za kwaya, kama nina moja ya ziada. Sikumjibu. Bila jibu langu, angetumia ipi?

Nikampigia. Hapatikani. Anakokaa ni mbele ya Sikonge, ndani, mtandao unapatikana mpaka upande kilimani karibu na shule. Na leo Jumapili, wako kanisani, na ibada yao nayo haina haraka. Nilipiga mara kumi na tisa. Baba alikuwa amekaa na shati lake jeupe, anaangalia kioo cha kompyuta, anangoja. Hakulalamika, na hata angetaka asingeweza. Nikatoka uani nikalia nimeegemea tangi la maji.

Mama akanifuata. Nikamwambia yote. Nilimweleza meza ya stendi, ile ya dukani, na ipi nilikuwa nimempangia nani. Nilitegemea kukiona cha mtema kuni. Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri, akaniuliza:

"Kwa hiyo nisingechanganya, hii mbovu ingekuwa kwa Kulwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nzuri ingekuwa hapa."

"Ndiyo."

"Unadhani miaka yote hiyo nachanganya kwa ajili ya mchezo? Nilijua nimezaa Doto wa namna gani."

Akainuka akaenda kupakua chakula. Wala hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Saa tisa na nusu simu ikaita. Kulwa, anahema, ameshapanda kilima na viatu vya kanisani mkononi. Aliona nimempigia mara nyingi akadhani Baba amefariki. Nikamwambia Baba ni mzima, tena anakula, ila flashi. Flashi iko wapi?

"Iko nyuma ya televisheni. Kwani?"

"Shemeji hajaifuta? Hajaweka nyimbo?"

"Ajaribu aone! Alitaka. Nikamwambia nyimbo zake atazikariri."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka Mama akaja kuangalia. Nikamwomba Kulwa arudi nyumbani, awashe televisheni, afungue lile la mwisho kabisa, kisha arekodi sauti kwa simu anitumie. Hakuniuliza kwa nini. Alishuka kilima, akapanda tena. Ilikuwa kama saa nzima, na mimi na Baba tumekaa tu, mimi namenya chungwa, yeye ananiangalia ninavyomenya.

Sauti ilipofika nikaiweka karibu na sikio lake. Kwanza kelele za ukumbi. Kisha yeye.

"Kulwa anaondoka. Doto yupo."

Baba alishtuka. Akaishika simu kwa mkono wake mzima, akaigeuza nyuma kutafuta sauti imetokea wapi. Nikairudia. Mara ya tatu akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi akijibu sawasawa. Mara ya nne akanigusa kifuani kwa kidole, pale sauti ilipofika kwenye jina langu. Palepale. Hakukosea.

Kwa hiyo anajua. Miaka miwili hii, hata nilipokuwa Kulwa mdomoni mwake, alikuwa anajua aliyeshika kijiko ni nani.

Sasa mipango. Nimemkataza Kulwa kuichomoa ile flashi nyuma ya televisheni, wala kumpa mtu wa basi ailete. Jumanne nafunga steshenari, naenda mwenyewe na kompyuta. Kesho asubuhi nanunua mbili, duka moja, siku moja. Sitaki za GB 128. GB 64 za kweli zinatosha, na bei yake naimudu nikiacha tamaa. Nitazijaza zote mpaka pomoni kabla sijatoka dukani, nifungue faili la mwisho badala ya la kwanza, na muuzaji akinuna anune. Na memori ya kamera haifutwi tena mpaka nimeangalia video nzima kwa macho yangu, hata kama ni saa nne za watu wanakula pilau. Yule mwalimu wa mitihani nitamtafuta pia. Namdai msamaha wa nusu saa yangu ya mahubiri, au tuseme yeye ndiye ananidai.

Mama ameshasema zote mbili zipitie kwake kwanza, chini ya kanga.

Limebaki moja. Kulwa amepanda kilima mara mbili leo kwa ajili yangu, na hadi sasa anaamini nilimnunulia flashi nzuri. Kabla hajashuka kilimani aliniandikia ujumbe: "Asante pacha, yangu inacheza vizuri sana." Sijaujibu bado. Ningeweza kunyamaza, Mama hatasema. Lakini Baba alitafuta maneno miaka miwili, akapata manne, na mawili kati ya hayo akanipa mimi. Jumanne nitakaa na dada yangu mbele ya ile televisheni, nitamwambia ni ipi niliyomnunulia.

Acheke au anune, atanikuta nipo.