Alikuwa Anarudi Kazini

MAELEZO YA SHAHIDI: AJALI YA BARABARANI

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi kompyuta katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Ninakaa nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda.

Marehemu tulimwita Sikio. Alikuwa haoni tangu utotoni, na ndiye aliyetunza seva yetu ya Linux, yaani kompyuta kuu ya kiwanda. Seva hiyo ilitumia maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, na programu ilimsomea kwa sauti. Alizoea kututania, "Nyie mna macho, lakini mnasoma kama konokono."

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumatatu asubuhi, Sikio alikaa mezani akabonyeza kibodi. Kimya. Meneja alikuwa ameibadilisha seva iwake katika hali ya picha, yenye kipanya na vitufe vya rangi, ili kila mtu aweze kuitumia. Katika hali hiyo sauti haikuwepo.

Sikio akasema, "Bosi, mimi hapa sisikii kitu."

Meneja akajibu, "Basi kapumzike nyumbani, tutakuita."

Akachukua fimbo yake akatoka. Hakugombana na mtu.

Alivyoondoka hivyo, kazi yangu ikanishinda. Nikakaa mezani pake. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Picha zikaondoka, maandishi yakarudi. Nikaingiza jina langu, sauti ikaanza kusoma. Nikaweka amri seva iwe inawaka hivyo hivyo siku zote, na anayetaka picha azifungue mwenyewe. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Kumbe yote mawili yanawezekana. Mwite arudi."

Nilimpigia Sikio, nikaisogeza simu kwenye spika ya seva asikie ikisoma. Akacheka. Akasema, "Nageuka, dada. Nibakizieni chai." Kisha nikasikia honi, na breki.

Nimeambiwa dereva wa lori lililomgonga anadai marehemu alijirusha barabarani kwa hasira. Sikuwepo pale, siwezi kusema nani alikosea. Ila mtu anayetaka kufa haombi kubakiziwa chai.

Mkewe ameniuliza mara mbili kama mumewe aliondoka duniani na kinyongo. Nimemjibu kwamba alikuwa anacheka. Naomba liandikwe hivyo.

Simu ile niliipiga mimi. Hilo nalo liandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Ofisa mwandishi: Shahidi amesomewa maelezo haya, amekiri ni sahihi. Ametia sahihi baada ya kupewa muda wa kutulia.