Jina Lisiloitikiwa

Kwa binti yangu Samiha, huko Kuwait,

Salamu zikufikie wewe na mumeo Abdelshafi, na Mungu awakinge na joto la huko na mabosi wa huko. Sisi wazima. Magoti yangu ni yale yale, nyati wetu wa maziwa kazaa dume, na mkate bado nautia tanurini mwenyewe. Inaam wako anakula kama mvunaji, naye anakusalimu. Barua hii anaiandika mwalimu wake, Abla Suheir, kwa kuwa kwetu kalamu haijapata wa kuishika. Nimemwambia aandike kila neno, hata pale ninapomsema yeye, na namwona anaandika huku midomo kaibana.

Mwanangu, shule imenichosha. Inaam ameanza darasa la kwanza, na leo ni siku ya kumi na mbili; kumi za kwanza hakupewa kitabu hata kimoja. Jina lisiloitikiwa siku kumi na tano hufutwa. Najua utauliza kaanzaje shule na hata miaka sita hajatimiza. Nitafika huko. Niache kwanza niteme yaliyonikaa kooni.

Unajua mwenyewe, anayekaa nyuma hujifunza shingo za wenzake tu. Mwaka huu watoto ni sitini na wawili, na madawati hayatoshi hata arobaini. Basi siku ya kufungua tulikuwa getini kabla ya adhana ya alfajiri, kila mtu na wake. Naima, mke wa kinyozi, alikuwa ameshampandisha mwanawe ukutani. Mimi na magoti haya ukuta siuwezi, nikampitisha Inaam dirishani, nikamwambia alale kifudifudi juu ya dawati la mbele na asiinuke hata aje waziri. Naima akaja akaniambia, "We Tafida, mjukuu mfupi hivyo, hata mbele ataona nini?" Nikamjibu kwamba mwanawe, kwa kichwa kile, akikaa mbele darasa zima litaingia gizani. Tukavutana shela. Dawati tukalipata.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe mtoto kila siku anarudi na mkoba mtupu. Nikimuuliza wamesoma nini, ananiambia wenzake wamepewa vitabu, yeye kaambiwa asubiri. Siku ya tatu nikavaa shela nikaenda. Nilimwambia Abla Suheir kwamba kama hajui kuhesabu watoto akafuge bata, bata hawana mashitaka. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniita Hajja, na Makka sijaiona. Akasema kwenye daftari lake hakuna Inaam. Ila yuko msichana mmoja anayemwita kila asubuhi na haitiki. "Hajja, huyu kaandikwa hana mwili, na huyu ana mwili hakuandikwa. Kitabu nimpe nani?" Nikamwambia ampe mwenye mapaja ya kukiwekea. Akasema kila kitabu hutolewa kwa jina. Nikamwambia serikali inayoamini karatasi kuliko mtoto aliyesimama mbele yake na makamasi yake imelelewa na mbuzi. Akaniuliza, taratibu kabisa, Rawhiya binti Abdelshafi ni nani.

Nikachukua shela yangu nikaondoka. Siku nane sikurudi.

Samiha, kaa chini, na kama umeshika kitu cha moto kiweke.

Rawhiya wetu alipokufa, ulikuwa umelala unatazama ukuta, na maziwa yake bado yanakulowesha nguo. Mimi ndiye niliyemwosha. Miezi minne, nilimshika kwa mkono mmoja. Wakaniambia kesho yake nipeleke karatasi yake ya kuzaliwa kwa karani, amfute. Nilikwenda. Nilisimama mlangoni pa karani na karatasi kifuani, nikamwona anavyopiga mstari juu ya jina la mtu mwingine, kwa rula, huku anatafuna mbegu za tikiti. Nikarudi nayo. Kumwosha niliweza, kumpeleka akapigwe mstari sikuweza.

Mwaka uliofuata akazaliwa Inaam. Nilikwambia nimemwandikisha. Sikumwandikisha. Karatasi ilikuwapo, na wengi hapa wamefanya hivyo hivyo, mdogo akavaa karatasi ya marehemu kama anavyovaa kanzu yake. Chanjo zote nilimpeleka mimi, na wewe ulipomfuata mumeo hukuwa na haja ya kuuliza. Ndiyo maana kaitwa shule mapema: si yeye aliyetimiza miaka sita. Usiseme ulikuwa uvivu. Nilikudanganya nikijua ninakudanganya, nawe ulikuwa na haki ya kujua kabla ya mtu yeyote, na sasa unajua baada ya mwalimu.

Juzi nilimweka Inaam magotini nimsuke, nimwambie aitikie jina lile. Nilimaliza upande mmoja wa kichwa bila kulitamka. Tangu nilipomwosha sikuwa nimelitamka, hata kwako. Nilipolitoa, nikamwambia ni la dada yake aliyekufa, akauliza alikuwa akilala wapi. Nikamwambia katikati yangu na yako. Akauliza kama meno alikuwa nayo. Nikamwambia bado. Nikamwambia asubuhi jina likiitwa asimame, aseme yupo, basi, asiongeze neno.

Jana nilisimama dirishani kwa nje. Abla akasoma majina, akafika kwa Rawhiya Abdelshafi. Inaam akasimama, mikono kaiweka nyuma. Akasema, "Hayupo, abla. Alikufa. Nimekuja mimi."

Hakuna aliyecheka, hata mtoto wa Naima. Abla akafunga chupa ya wino, akaenda kabatini, akampa vitabu vinne mkononi bila kuandika popote. Kisha akatoka nje, akanijia pale dirishani. Anasema anaweza kumficha hadi mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo mkuu wa shule atamtoa.

Karani hamwandiki Inaam mpaka kwanza kiandikwe kifo cha Rawhiya, na neno langu halitoshi, anataka la baba na mama. Mwende ubalozini mtoe maelezo yenu, kwa mihuri. Nilikimbia kuandikisha kifo chake, na sasa ni wewe unayepaswa kukiandika. Nikasirikie utakavyo, lakini karatasi itume kwanza, hasira ije na posta ya nyuma.

Shangazi zako wanakusalimu, na Naima pia, ingawa hatusemezani. Mwambie Abdelshafi ale vizuri. Inaam anasema ukiandika jina lake kwenye bahasha uliandike kubwa, anataka kulisoma mwenyewe.

Mimi mama yako,
Tafida
(kwa dole gumba, mbele ya Suheir, mwandishi)