Kibandiko Kwenye Geti la Wifi

Kituo cha Watoto,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umekuachia, au bado unaamka nao? Nakuombea uzima, na huyo bibi unayemtunza naye aanze kulala usiku ili na wewe upate usingizi. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamvimba jioni lakini mdomo uko palepale, anatusema wote bila kuchoka. Pilipili wako amekua, nguo ulizotuma zimeanza kumbana, na juzi alimng'ata mtoto wa fundi cherehani kisa ndoo ya kuchezea. Sijui amerithi kwa nani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nina jambo, na wewe kwenye simu hukata kabla mtu hajamaliza. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Naanza na wifi yetu, maana ndiye aliyeniharibia mwezi. Huyuhuyu aliyekuwa msaidizi wangu hapa, akifua nepi na kubembeleza watoto. Tangu afungue kituo chake mtaa wa pili, hata salamu yake ina mikogo. Sasa muuguzi wa zahanati amepita vituo vyote kukagua kadi za chanjo, na wifi akabandikiwa getini kibandiko cha kijani kinachosema watoto wake wote wamekamilisha. Wote! Mimi nikaambiwa kwamba katika kila watoto wangu kumi, wanne wamepungukiwa. Mdogo wangu, roho iliniuma mpaka chakula hakipiti. Nikawa nazunguka njia ndefu kwenda dukani nisikione hicho kibandiko.

Nilijiliwaza kwamba amekipata kwa ujanja. Mtoto asiyekamilisha humkatalia getini, na aliyekataliwa huletwa kwangu. Hilo ni kweli, na nimelitangaza sokoni mpaka sauti imekauka. Tena wazazi wa kwake ni watu wa ofisini, wakiomba ruhusa wanapewa. Wa kwangu wanaingia kiwandani zahanati haijafunguliwa, wanatoka imeshafungwa. Basi nikameza kiburi, nikamwomba muuguzi aje hapahapa Jumamosi asubuhi, wakati wanawaleta watoto. Akakubali.

Sikufichi, mwanzoni nilichotaka ni kibandiko tu. Nilitaka wifi apite akione. Halafu surua ikaingia mtaani. Mtoto wa kinyozi alilazwa, vipele mwili mzima, macho hayafunguki, baba yake akafunga duka akashinda hospitalini. Amerudi nyumbani lakini hajawa yule mtoto tuliyemjua. Hapo nikaanza kuwatazama watoto wangu wakilala mchana kwenye magodoro, huyu hajachanjwa, yule hajachanjwa, na Pilipili katikati yao.

Ndiyo, Pilipili. Chanjo ya kwanza ya surua ulimshika mwenyewe, kisha ulipoondoka ukanipa sharti kwamba ya pili asichomwe mpaka urudi, kwa kuwa huwezi kuvumilia mtu mwingine ampakate mwanao akilia. Nilikuelewa. Mimi sina wa kwangu, kijiba cha roho nakijua vizuri. Lakini ulisema unarudi mwisho wa mwaka, ukasogeza, ukasogeza tena. Na Ijumaa nilikupigia mpaka simu ikapata moto mkononi, hukupatikana.

Jumamosi muuguzi akaja, nyumba ikajaa vilio. Pilipili nilimficha jikoni na Mama. Mara nani anaingia? Wifi, kavaa viatu vya kutokea. Nikajua amekuja kunicheka. Kumbe alisikia mikono yetu ni michache, akaja kusaidia kushika watoto. Hilo nalo liliniudhi, kwamba pamoja na kibandiko ana na wema.

Haukupita muda akauliza, "Pilipili mbona simwoni?" Nikamweleza sharti lako. Hakubisha.

"Mama yake ataumia, wifi, hata mimi ningeumia," akasema. "Ila yeye yatampita. Huyu mtoto je, akiugua?"

Nikaenda jikoni nikamchukua. Wifi alinyoosha mikono ampakate, nikamwambia airudishe, akitoka mama yake huyu ni wangu. Nikampakata mwenyewe, muuguzi akamchoma. Kwa hiyo hasira zako zilete kwangu, usimguse Mama wala wifi.

Kaka anakusalimu, anasema zile picha zako za barafu zimemtia baridi. Mama anakuombea kila asubuhi, kwa sauti, mpaka jirani amelijua jina lako. Wifi naye anakusalimu, na nimemfikishia shukrani zako hata kabla hujazituma, kwa shingo upande. Kibandiko nimepata, kiko getini, na ajabu yake ni kwamba tangu jana sijatoka nje kukitazama.

Nikwambie kwa nini. Huyu mtoto namwogesha mimi, namlisha mimi, akiota vibaya analala kifuani kwangu. Kutwa nzima ni Mamkubwa hiki, Mamkubwa kile. Wewe anakuona kwenye kioo cha simu. Sindano ilipoingia alifungua mdomo, nami nikainama tayari kuitika. Akalia, "Mama! Mama!" Akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, akageukia mlangoni kukutafuta. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, wivu ambao wifi na geti lake hawajawahi kunitia. Wewe uliogopa kwamba mtu mwingine atamshika akilia. Nimemshika, na hakunitaka.

Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi mapema. Mlango anaoutazama ni huu wa mbele.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Mamkubwa wa Pilipili