Mgeni wa Sahani za Maua

Mjukuu wangu Aneti,

Marahaba. Bibi yako mzima, ng'ombe kazaa, mimi nimebakiza meno ya kuchekea.

Unauliza kwa nini kila Jumapili napiga hodi nyumbani kwangu. Zamani bibi yako alifungia kabatini sahani za maua alizonunua sokoni Tarakea, zingoje wageni. Siku moja akampikia padri machalari ya ndizi na nyama, akazipanga mezani. Mvua ikaharibu njia, padri hakuja. Akaanza kuzirudisha, machozi yakimlenga.

Nikavaa koti la harusi, nikatoka mvuani, nikagonga.

"Hodi! Mgeni nimefika."

"Mgeni gani ananuka pombe ya mbege?"

"Ametoka mbali, mama. Ana njaa."

Akacheka, akanipakulia kwenye sahani ya padri.

Siku hizi hasikii vizuri. Nagonga kwa nguvu, naye bado anauliza, "Mgeni gani?"

Babu yako