Kitambaa cha Bibi

Rhona, shoga yangu, leo nimeaibika. Wageni wameshaondoka wote, na hata saa moja ya jioni haijafika.

Unajua chakula cha Mwaka Mpya alikuwa akikipika bibi. Kwa kuwa hayupo tena, nikasema nitapika mimi, ili ndugu wasiache kuja hapa. Pai ya nyama ilitoka vizuri. Balaa ni ile keki ya zabibu na mdalasini inayochemshwa ndani ya kitambaa.

Nilikaa nayo jikoni saa nne nzima, naongeza maji ya moto yasikauke. Ikatoka duara, ngozi inang'aa, kama ya bibi kabisa!

Shangazi Effie akaionja, akaacha kutafuna. "Wee Mairi, umetupikia sabuni?"

Sabuni, Rhona!

Baba mdogo Dougal akadakia, "Basi leo siogi, nimeshaoga mpaka utumbo." Wakacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka.

Kumbe ni kile kitambaa. Nilikifua kwa sabuni ya maua, mara mbili, eti kiwe safi kwa wageni. Bibi alikuwa anakisuuza kwa maji ya moto tu. Nimemtazama tangu utoto, na bado nikakosea.

Mlangoni shangazi akaniambia, "Mwakani tutakula kwangu, mwanangu. Usijichoshe."

Mwakani kwake. Alisema kwa upole, ndiyo maana imeniuma.

Sasa nimekaa hapa na keki karibu nzima. Nimekinusa kile kitambaa, Rhona, natafuta mdalasini wa bibi. Kinanukia maua matupu.