Aya Ishirini za Baqara

Jumatatu, mwezi 8 Rajabu 1303

Naweka ahadi: humu nitasema yote, hata ya aibu. Karatasi kanipa Bi Zuhura, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, nizoeze mkono.

La aibu ni hili. Najifanya sijui kusoma. Sisi huanza na sura fupi za nyuma. Baqara ndiyo ya kumalizia, nami nimebakiza aya ishirini. Nikizimaliza, nimehitimu. Baba aliahidi kuketi mbele yangu siku hiyo. Yuko bara, Unyanyembe. Mwaka na nusu, hakuna barua. Basi nakwama makusudi. Asipofika, nisifike.

Jumanne, mwezi 9

Nimekwama tena. Binamu yangu Tatu kasema chuo kizima kisikie: "Mwanachuoni huyo! Kobe kampita, kampungia mkono!" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilitaka kumfinya.

Jumamosi, mwezi 13

Nimegunduliwa. Bi Zuhura alinisikia kisimani, nateka maji huku nazisoma aya zote ishirini kwa moyo, pasi kosa. Akanibakiza wenzangu walipotoka.

"Tangu lini unanichezea, bibi wee?"

Nikamwambia. Nililia sana. Hakunichapa.

"Huko si kusubiri, mwanangu. Huko ni kumnunia Mungu. Anayesubiri huendelea na kazi yake."

Kisha akanieleza maana ya aya ya mwisho. Kumbe ni dua! Dua ya walioelemewa. Siku zote hizi naikimbia dua yangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani mbio, mvua yaninyeshea, nafurahi kama mwendawazimu.

Jumatano, mwezi 17

Nimehitimu! Mama alitandika mkeka wa Baba mbele yangu, uwe mtupu. Shangazi akaingia kutoka Mbegani, hajui hili wala lile, akaukalia mkeka wote na mwili wake ule, sahani ya wali mkononi. Mama akaangua kicheko. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba aondoke. Nikasoma mpaka mwisho. Tatu alipiga vigelegele hata sauti ikamkauka.

Ijumaa, mwezi 26

Mvua tangu alfajiri. Habari za Baba bado. Hofu ipo, ila imekuwa ndogo.

Msafara wa Unyanyembe unaondoka kesho. Jirani yetu mpagazi atachukua barua yangu. Ni fupi. Baba, shikamoo. Nimehitimu. Ukija nitakusomea yote upya. Nijibu na msafara wa kurudi: nikuanzie sura gani?